Nyumba Nzima Ndani ya Kontena

Siku utapita njia ya Kasumbalesa kuja Lubumbashi, halafu Likasi, Fungurume, mpaka Kolwezi, usiangalie makamio tu. Angalia makontena. Kuko zile ziko juu ya kamio, zimetoka bahari ya Dar es Salaam ao ya Durban. Na kuko zile zilishushwa chini na hazikupanda tena. Hizi za chini ndizo tunazitembelea leo. Moja imekuwa duka la unga, ingine depo ya simenti, ingine mahali pa kunyoa nywele. Na ingine, nyuma ya lupango, imefungwa kadena mbili: ndani yake muko nyumba nzima ya watu.

Nyumba nzima inaingia mule namna gani? Sisi watu wa miji ya migodi tunajua. Baba amepewa kazi mji mwingine, nyumba ya kazi inatakiwa irudishwe, na ile ya mbele haijapatikana. Ao shimo la mgodi linakaribia na mtaa unahama, kama Kasulo kule Kolwezi mwaka 2017, wakati sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta kwa ajili ya kobalti na familia zikaondoka. Wazee wa Likasi na wa Kolwezi wanakumbuka pia 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa. Walilala stesheni wiki nyingi, wengine miezi, juu ya masanduku na matela, wakingoja gari la moshi. Wengi hawakupata nafasi ya kupanga kitu. Kwa hiyo wewe, kama umepewa hata siku tatu, siku tatu ni mali.

Kontena ya futi 20 ni ndogo kuliko unavyofikiri ukiiona imefungwa. Kwa ndani ina urefu wa karibu meta 5.9, upana meta 2.35, na kutoka chini mpaka juu kama meta 2.39. Ni chumba chembamba. Uzito wake yenyewe, bila kitu ndani, unapita tani 2, na nguvu yake iko katika pembe zake nne. Basi uiketishe juu ya mbao nene za reli ao matofali ya simenti, kila pembe na lake, pahali palipo sawa. Ikiinama, mlango unakataa kufunga. Halafu fanya jambo moja rahisi mbele ya kuingiza hata sahani: mtu mkubwa aingie ndani, mwingine afunge mlango kwa nje na angoje pale pale, mkono juu ya chuma. Yule wa ndani atafute mwanga. Kila mahali jua linaingia kama sindano, mvua ya Januari itaingia pia.

Lakini mvua si adui mkubwa. Adui ni jasho la kontena yenyewe, na watu wengi hawalisadiki mpaka walione. Mchana chuma kinapata moto, hewa ya ndani inanyonya maji yaliyo katika mbao, kartoni, nguo na matela. Usiku chuma kinapoa mbio. Munajua baridi yetu ya Juni na Julai! Yale maji yanakamata chini ya paa, yanakuwa matone, yanaanguka juu ya vitu. Mtu anafungua anasema, “Mvua imenyesha ndani,” na huko nje hata wingu hakuna. Wamama wengine wanatia kitunga cha makala katika pembe ili yanyonye maji. Inasaidia kidogo. Kinachosaidia zaidi ni kuingiza vitu vikiwa vikavu kabisa. Kile ulichokifua jana kingoje jua la siku mbili. Na yale matundu madogo ya hewa yaliyo juu pembeni, usiyazibe na karatasi ukifikiri unazuia mavumbi.

Chini tandika mbao ao paleti, kitu kisiguse sakafu. Sakafu ya kontena ni mbao ambazo mara nyingi zilitiwa dawa ya wadudu, kwa hiyo unga, muhogo na mahindi havina nafasi mule. Panya nao watakushukuru ukiwaachia mfuko mmoja. Petroli, chupa ya gazi, hapana, hata kama kaka anasema “ni kidogo tu”.

Vizito vinaingia kwanza, chini, na uvigawe pande zote mbili: frigo imesimama, imekauka, mlango wake wazi kidogo na kamba, kabati bila miguu yake, cherehani iliyopakwa mafuta. Matela usiyafunge na plastiki kabisa, yataota ukungu. Shuka la zamani linatosha. Acha nafasi ya kiganja kati ya vitu na ukuta wa chuma. Acha pia kanjia katikati, hata ka kupita ubavu. Watu wanakataa kanjia kwa sababu kanakula nafasi, halafu siku ya kutafuta diplome ya mtoto wanatoa nyumba nzima nje, majirani wakihesabu.

Na hapa ndipo mabishano ya bwana na bibi. Bwana anataka televizyo iwe karibu na mlango, sababu ni ya bei. Mimi nasimama upande wa bibi. Karibu na mlango muweke vile mtalilia usiku wa kwanza, na muviweke upande wa kuume, maana mlango wa kuume ndio unafunguka mbele. Karatasi za lupango, vyeti vya kuzaliwa, buletini za shule na picha ya marehemu haziingii mule hata kidogo: hizo zinatembea na mama katika saki yake. Kila kartoni iandikwe namba, na kaye iseme namba 14 ni nini. Kaye ziwe mbili. Moja ikae na mwenye lupango, mbele ya shahidi, ili kusiwe maneno kesho.

Watoto wasicheze mule hata siku moja. Vyuma vya kufungia viko nje tu. Mwenye kufungiwa ndani hana mkono wa kujifungulia, na saa sita mchana mule ni tanuru.

Familia moja ya Kolwezi niliyoitembelea ilikaa miezi minane kwa mjomba. Siku kontena ilipofunguliwa waliacha milango wazi asubuhi nzima, harufu ikatoka. Halafu mama akaingiza mkono upande wa kuume, akatoa namba 1: mbabula, sufuria mbili, mwiko, na mafuta ya kula yaliyofungwa vizuri. Jua lilipozama kabati lilikuwa bado ndani, televizyo bado ndani, lakini bukari ilikuwa juu ya meza. Meza yenyewe ilikuwa kartoni namba 9.