Kutoka Butembo Hadi Beni: Tuhesabu Siku za Mbwa Jike



Wiki hii tunasafiri. Tunatoka Butembo na kuteremka hadi Beni, kilomita 54 za barabara ya taifa namba 2, lakini njiani hatutazami kahawa, wala mbao, wala mizigo inayokwenda Kasindi. Tunatazama mbwa. Katika vikundi vyetu swali hili linarudi tena na tena: mbwa wetu jike anatoka damu, madume wamejaa mlangoni, watoto wanaogopa kutoka kwenda kuteka maji. Tufanye nini? Barabara hii ina majibu, tukienda nayo polepole.

Butembo: nyuma ya mageti

Butembo iko juu ya vilima, kwenye mita karibu 1 800. Asubuhi ni baridi, ukungu unakaa juu ya mikaratusi, na wamama wanapanda na kuteremka na mabeseni kichwani kabla jua halijatoka. Ni mji wa biashara. Mwenye duka hujenga ukuta, na mwenye ukuta hutafuta mbwa. Usiku, mbwa mmoja akibweka Vulamba, mwingine anajibu Kimemi, na wa tatu anapokea Bulengera. Wengi wetu tunalala kwa sauti hiyo. Ndiyo askari wetu wa bure.

Ukiuliza watu wanataka mbwa wa namna gani, wengi watakuambia dume. Jike, wanasema, analeta shida. Shida wanayoitaja ina jina: joto. Ni siku ambazo mwili wa mbwa jike uko tayari kubeba mimba.

Joto la kwanza huja mbwa akiwa na miezi sita hadi mwaka mmoja. Mbwa wa mwili mkubwa wanaweza kuchelewa hadi karibu miaka miwili. Baada ya hapo linarudi kama mara mbili kwa mwaka. Kwa wengine kila miezi minne, kwa wengine mara moja tu. Halingoji mvua wala kiangazi, linaweza kuja mwezi wowote. Wala halina mwisho kama kwetu sisi: mbwa jike mzee bado anaingia joto na bado anaweza kubeba mimba.

Siku za kwanza, sehemu yake ya uke inavimba na damu inadondoka. Hatua hii huchukua kama siku tisa, ingawa inaweza kuwa fupi zaidi au kufika wiki mbili na zaidi. Madume wananusa harufu kutoka mbali na kuja, lakini yeye anawakataa: anakaa chini, ananguruma, anauma. Kisha inafuata hatua ya pili, nayo ni kama siku tisa. Damu inapungua, inakuwa nyepesi kama maji yaliyooshea nyama. Ukimgusa mgongo karibu na mkia, anasimama imara na kuupeleka mkia pembeni. Hapo amekubali, na siku hizo ndizo anabeba mimba.

Maboya: "Kumbe si kama sisi!"

Gari likitoka mjini, barabara inaanza kuteremka. Mikaratusi inapungua, migomba inaongezeka. Ukifika Maboya, wamama wanakimbilia madirisha ya gari na ndizi na maparachichi. Chini ya meza ya mama mmoja alilala mbwa wa rangi ya udongo, tumbo lake limejaa.

"Mama, mbwa wako atazaa karibuni," nilimwambia.

"Ee, dada yangu, hata mimi nashangaa. Nilimfungia siku zote alizotoka damu. Alipokauka, nikamfungulia. Ona sasa!"

"Mama, ulimfungulia siku ile ile aliyokuwa anaingoja."

Aliweka ndizi chini akanitazama. Nikamweleza. Kwetu sisi wanawake, damu ya mwezi ni alama kwamba mimba haikushika; siku za kushika mimba mara nyingi zimekwisha kupita. Kwa mbwa ni kinyume. Damu inatangulia, yai linafuata. Damu yake ni kama kengele ya kwanza ya kanisa: ibada bado, inakuja.

"Kumbe si kama sisi!" alisema, akawageukia wenzake wa meza za jirani na kuwaeleza upya kwa Kinande, kwa mikono yote miwili.

Wamama, kama mtasahau mengine yote ya wiki hii, shikeni hili moja. Tunahesabu siku za mbwa kama tunavyohesabu zetu, na hesabu hiyo inatudanganya katika siku za hatari kabisa. Kanuni ni hii: siku unapoona tone la kwanza la damu, andika tarehe ukutani au kwenye daftari. Mfungie wiki tatu kamili, na wiki nne ni salama zaidi, hata kama amekauka. Awe ndani ya nyumba au kwenye chumba chenye mlango. Kamba uani haitoshi, kwa sababu dume ataruka ukuta na kamba itamzuia jike kukimbia. Akitoka kujisaidia, mtu mzima atoke naye. Asiwe mtoto, maana madume wakigombana mtoto ndiye aliye karibu na meno.

Kabasha: watoto wa mbwa wanakwenda wapi?

Mbele ya Maboya ni Kabasha. Hapa mashamba yanakaribia barabara, na mbwa wanatembea bila kamba, wengine na mwenye nyumba shambani, wengine peke yao. Mimba ya mbwa ni siku kama 63, miezi miwili tu. Na kwa sababu jike anaweza kupandwa na madume wengi katika joto moja, watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti. Ndiyo maana unaona mweusi, mweupe na wa madoa kwenye kikapu kimoja.

Tufanye hesabu ya sokoni. Mbwa mmoja akizaa mara mbili kwa mwaka, watoto watano kila mara, ni kumi. Tuseme nusu ni majike: hao watano nao wataingia joto kabla au karibu na mwaka kuisha. Nani ana ugali wa mbwa kumi? Wachache wanapewa jirani. Wengine wanatupwa kando ya soko ndani ya boksi, na watoto wetu ndio wanaowaokota, wanawabeba kifuani na kuwaleta nyumbani bila chanjo hata moja.

Beni: mbwa waliobaki

Beni iko chini zaidi, mita karibu 1 150, na joto la hewa linakupokea mara unaposhuka garini. Harufu ya kakao inayoanikwa inajaa njia. Asubuhi isiyo na mawingu, Ruwenzori inaonekana upande wa mashariki. Pikipiki zinapishana kwenye bulvari Nyamwisi, na wamama wanauza sombe, samaki wa chumvi na mafuta ya mawese.

Lakini Beni imebeba mengi. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamefukuza familia nyingi kutoka vijiji vya pande zote. Mtu anayekimbia usiku anabeba mtoto, sufuria na blanketi, mbwa anabaki. Mbwa aliyebaki hana mwenye kumfunga wala kumchanja. Anatafuta chakula kwenye takataka, anajiunga na wenzake, na jike mmoja akiingia joto, kundi zima linamfuata kutoka mtaa hadi mtaa, wakipigana mbele ya shule na mbele ya kisima.

Hapo ndipo jambo la mbwa linakuwa jambo la uzima wa mtoto. Kichaa cha mbwa kinapita kwa mate, kwa kuumwa au kukwaruzwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59 000 hivi kila mwaka duniani, karibu vyote kutokana na mbwa, na katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto chini ya miaka 15.

Beni na Butembo hazihitaji kufundishwa kunawa. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 tulipambana na Ebola, na kila mlango ulikuwa na ndoo na sabuni. Ndoo ile ile inaokoa hapa pia. Mtoto akiumwa, osheni kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kupaka majani, mafuta wala unga wa jiwe jeusi. Kisha mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo mkaulize chanjo. Msingoje kuona mbwa atafanya nini kwanza.

Kufunga uzazi

Kufungia mlango wiki nne, mara mbili kwa mwaka, kwa miaka kumi, ni kazi kubwa. Dawa ya kudumu ni upasuaji: daktari wa wanyama anamlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, anafungua tumbo na kutoa mifuko ya mayai, na mara nyingi kizazi chote. Baada ya hapo hakuna joto, hakuna damu, hakuna madume mlangoni.

Butembo ina neema moja katika jambo hili: Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, kina fakulte ya udaktari wa wanyama. Kwa hiyo katika nchi yetu hii kuna vijana waliosomea kazi hiyo. Kabla ya kumkabidhi mtu yeyote mbwa wako, muulize mambo matatu: amesomea wapi, ana dawa gani ya usingizi na ya maumivu, na atamtazama mbwa baada ya siku ngapi. Anayekuambia atampasua akiwa macho, mshukuru urudi nyumbani.

Wakati mzuri ni kabla ya joto la kwanza au miezi miwili hadi mitatu baada ya joto kupita, maana siku za joto mishipa ya kizazi imejaa damu. Kwa mbwa mkubwa wa mwili, daktari anaweza kukushauri ungoje akue. Usiku wa kuamkia upasuaji asile. Baadaye akae pakavu, asiruke, asilambe mshono, kwa siku kumi hadi kumi na nne.

Kuna faida nyingine. Wiki chache baada ya joto, mbwa jike asiyefungwa anaweza kujaa usaha ndani ya kizazi: anakunywa maji mengi, anakataa chakula, analegea, pengine usaha unatoka nyuma. Huyo apelekwe kwa daktari siku hiyo. Huko Uswidi, watafiti waliona kwamba karibu mbwa mmoja katika wanne wasiofungwa hupata ugonjwa huo kabla ya kufika miaka kumi. Tena, damu isiyoisha hata baada ya wiki nne si joto. Tazama kama kuna uvimbe kama ua la kabichi ukeni. Hiyo ni kansa inayoambukizwa mbwa wanapopandana, na inatibika ikiwahiwa.

Na hasara? Zipo. Kila dawa ya usingizi ina hatari yake. Mbwa aliyefungwa hunenepa upesi, kwa hiyo punguza chakula kidogo. Wachache, wakizeeka, huvuja mkojo wakiwa wamelala.

Maneno mawili tunayoyasikia njia nzima yanahitaji jibu. "Lazima azae mara moja kwanza": hapana, kuzaa hakumwongezei afya. "Akifungwa hatalinda tena": mbwa analinda kwa masikio, pua na kupenda nyumba yake, si kwa kizazi. Na tafadhali, sindano ya wamama ya uzazi wa mpango isidungwe mbwa. Dawa ya namna hiyo humwongezea hatari ya usaha kizazini na uvimbe wa maziwa.

Kwa kikundi chako

Pesa ya upasuaji ni nzito kwa mama mmoja. Lakini sisi tunajua likelemba. Nyumba kumi za mtaa mmoja zikichanga kidogo kila wiki, mbwa mmoja mmoja atafikiwa kwa zamu, na daktari akiitwa kwa wengi, mnaweza kuongea naye bei na kuomba chanjo ya kichaa siku hiyo hiyo. Anzeni na majike walio karibu na shule na visima.

Kwa mkutano ujao, kila kikundi kituletee hesabu ya mbwa majike katika mtaa wake: wangapi, wangapi wamechanjwa, na yupi ametoka damu mwezi huu. Huyo wa mwisho, asifunguliwe bado.