Kutoka Makambako Hadi Njombe: Mzazi na Shule

Twende pamoja Makambako. Mji huu uko njia panda. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inapita hapo. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, inapita hapo pia. Ukitoka Dar es Salaam, unageuka kushoto na kushika lami ya Njombe na Songea. Njombe iko mbele, kama kilometa 60.

Penye magari mengi pana pesa ya haraka. Mtoto akinyanyua sahani ya mahindi ya kuchoma dirishani mwa basi, jioni anarudi na fedha. Fedha hiyo ni tamu kwa mzazi. Lakini saa za basi ndizo saa za masomo.

Sasa tupande. Njiani utaona misitu ya misindano, mashamba ya mahindi na viazi. Karibu na mji kuna chai na miwati ya Kibena. Njombe iko juu sana, karibu mita 2,000, na mwezi wa Juni na Julai baridi huuma. Mtoto anayetoka nyumbani alfajiri bila uji anafika shuleni akitetemeka. Mwalimu atamfundisha nini?

Hapa pana jambo la kushangaza. Njombe ina chakula tele, hata cha kuuza mikoa mingine. Lakini utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Njombe walikuwa wamedumaa. Mama yuko shambani kutwa. Mtoto anaachiwa ugali mtupu. Maharage, maziwa na mayai yanakwenda sokoni. Mtoto aliyedumaa hubaki mfupi, na akili yake hupata shida kushika masomo. Kwa hiyo, kazi ya mzazi katika shule huanza kwenye chungu, kabla mtoto hajajua hata herufi moja.

Ada ilifutwa katika shule za msingi za serikali. Wazazi wengine wakadhani kazi yao imekwisha. Sivyo. Chakula cha mchana shuleni hutegemea makubaliano ya wazazi wenyewe: debe la mahindi, kilo za maharage, mzigo wa kuni. Mzazi akishindwa kutoa, mtoto wake asifukuzwe shule. Serikali imekataza jambo hilo.

Watu wa Njombe si wageni wa kazi hii. Katika miaka ya 1980 walichanga fedha na nguvu zao wakajenga shule za sekondari, wakati shule za serikali zilikuwa chache mno. Wengi waliochanga hawakuwahi kukaa darasani.

Na wewe uliyejifunza kusoma ukubwani, unaweza kufanya kitu ambacho wazee hao hawakuweza. Leo jioni mwambie mtoto alete daftari lake. Tazama tarehe. Kama tarehe ya mwisho ni ya wiki mbili zilizopita, muulize alikuwa wapi. Labda alikuwa msituni kwenye mbao, au alibeba viazi vya jirani kwa ujira. Labda wewe mwenyewe ndiye uliyemtuma! Tazama alama za vema na za makosa. Kisha mwambie akusomee ukurasa mmoja kwa sauti. Akikwama, someni pamoja. Usimpige.

Kamati ya shule ikiita mkutano, nenda, hata kama ni siku ya kupalilia. Baba aende, si mama peke yake. Uliza: tulitoa magunia mangapi ya mahindi? Yamebaki mangapi? Nani ana ufunguo wa stoo? Mwalimu mkuu mwema hatakasirika. Atafungua daftari la stoo na kukusomea.