Mume Naye Apimwe

Huku Uingereza, mkimweleza daktari kwamba mwaka umepita mnatafuta mtoto na hakuna dalili, anawaandikia vipimo nyote wawili. Mwanamke akishafika miaka 36, hata huo mwaka haungojwi. Mke wangu alikwenda kutolewa damu, nami nikapewa kikopo chenye jina langu. Lazima kifike maabara ndani ya saa moja, tena kisipoe. Nilikipachika ndani ya koti, kikigusa shati, nikapanda basi. Majibu yakatoka: mbegu ni chache.

Kwetu Tanga, miaka yote hiyo mgonjwa alikuwa mke wangu. Mawifi walisema ana chango. Shangazi alituma mizizi ya kuchemsha. Tulipokwenda likizo mkunga akaitwa amkande tumbo, akakandwa huku analia, sisi wanaume tumekaa barazani. Hapakuwa na chuki. Walimpenda na walitaka mjukuu. Ila hakuna aliyefikiri kwamba mume naye apimwe, na wanawake wangapi wameachwa au kuletewa mke mwenza kwa sababu hiyo tu! Nilipompigia shangazi kumwambia tatizo liko kwangu, aliomba kuongea na mke wangu. Waliongea sana.

Hata hivyo, kwa sisi tunaohitaji mimba itungwe nje ya mwili, huku nako kuna ukuta wake. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya mwili wa mama, alizaliwa Oldham mwaka 1978. Lakini tangu 2017, England haimpi mwenye viza ya muda upandikizaji wa mimba kwa gharama ya serikali, ingawa analipa tozo ya afya, ambayo sasa ni pauni 1,035 kwa mwaka. Ajilipie: pauni 5,000 au zaidi kwa awamu moja. Na sindano za homoni za kila siku za matibabu hayo, mke anajichoma tumboni peke yake chumbani, hata jirani wa ukuta mmoja hajui.

Nairobi nako wanapandikiza mimba, na watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa huko mwaka 2006. Mke wangu ana miaka 37. Tukingoja ukaazi wa kudumu atakuwa amepita 40, na kwa umri huo hata raia wa Uingereza hupunguziwa fungu. Kwa hiyo tunaweka akiba, Aprili tunakwenda. Shangazi ameshasema atapanda basi kutoka Tanga aje kumpikia uji.