Spika Nilizowanunulia Waumini

Nilinunua spika zisizofaa kwa fedha za watu wengine. Zilikuwa nzima, za bei halali, na hakuna duka lililonidanganya. Kosa ni langu. Usharika uliniamini nichague, nami nikachagua bila kumfikiria anayekaa benchi la mwisho.

Wakati ule kazi yangu kubwa ilikuwa harusi na mikutano ya nje. Uwanjani hakuna ukuta wa kurudisha sauti. Ukiongeza nguvu, wa mbali anasikia zaidi, basi. Nikazoea kupima spika kwa wati. Kwa hiyo wazee wa kanisa waliponikabidhi fedha za harambee, karibu shilingi milioni tatu, nilikwenda moja kwa moja kwenye maboksi mawili makubwa ya inchi 15, nikayasimamisha kulia na kushoto kwa madhabahu. Fundi mmoja aliyenizidi umri alikuwa ameniambia nitafute spika ndefu nyembamba, nizifunge ukutani kuelekea nyuma. Nilimsikiliza kwa heshima na sikumfuata. Niliogopa kwamba watu waliochanga wangeingia Jumapili, wakute vispika vyembamba, waulize fedha imekwenda wapi.

Siku ya majaribio nilipiga wimbo wa kwaya, nikasimama karibu na madhabahu, nikaridhika. Mchungaji aliuliza kama zitatosha. Nikamjibu zitatosha na kubaki.

Kanisa lile ni refu, bati lake halina dari, sakafu ni marumaru, kuta zimepigwa plasta laini. Karibu kila kitu mle ndani kinarudisha sauti. Maboksi yangu yalitupa sauti mbele, juu na kwenye kuta kwa pamoja. Neno lililotangulia lilikuwa bado linazunguka kwenye bati wakati linalofuata limeshatoka. Watu wa nyuma walipolalamika, nikapandisha sauti. Mwangwi nao ukapanda. Waliokaa mbele wakaanza kuhamia katikati kwa sababu masikio yaliwauma, na hilo nalo nikaliona kama ushahidi kwamba spika zina nguvu.

Baada ya ibada moja bibi anayekaa nyuma kabisa alinifuata kwenye mixa. Alikuwa amempeleka mjukuu wake kuandikishwa darasa la kipaimara siku ya Jumatano, akakuta uandikishaji umefungwa tangu Jumatatu. Hakuja kugomba. Aliniambia, "Mwanangu, sauti naisikia sana. Maneno ndiyo siyapati."

Jumapili iliyofuata nilimwachia kijana mixa, nikaenda kukaa karibu na bibi. Katibu akasimama kusoma matangazo. Nilisikia sauti kubwa, nzito, ya mtu ninayemfahamu, na sikuweza kusema ametaja siku gani. Vokali zilifika zote, zimevimba. T, s, k na f, zinazotenganisha neno na neno, zilikuwa zimefunikwa. Jumatatu na Jumatano zilikuwa kitu kimoja. Nikawatazama watu wa mabenchi yale. Walikuwa wametulia, wamekunja mikono, macho mbele. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wamekuwa wakikaa hivyo tangu nilipozifunga spika zile, ibada baada ya ibada, wakiambulia kishindo tu, na kwamba utulivu wao mimi nilikuwa nimeuhesabu kuwa ni kuridhika.

Dukani, namba inayoandikwa kubwa kwenye boksi ni ya wati, na mara nyingi ni wati za kilele, si zile ambazo spika inaweza kuzibeba muda wote. Nawe ukitumwa na kamati yako unaweza kuanzia hapo hapo, kwa sababu ndiyo namba inayoonekana. Lakini kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, badiliko dogo kwa sikio. Spika inayotoa desibeli 96 kwa wati 1, ikipimwa umbali wa mita 1, ukiipa wati 100 itafikia sauti ileile ya spika ya desibeli 90 inayokula wati 400. Namba hiyo iko kwenye karatasi ya maelezo. Sikuisoma. Na hata ningeisoma isingeniokoa, maana pale nguvu haikuwa shida. Ndani ya jengo lenye mwangwi, sauti inayomfikia msikilizaji moja kwa moja kutoka kwenye spika inatakiwa izidi ile inayomrudia kutoka batini, na njia ya uhakika ni kuisogeza spika karibu naye. Zile ndefu za ukutani, zenye vispika vilivyopangwa wima, husambaza sauti kwa upana na kurusha kidogo tu kuelekea juu.

Nilirudi kwa wazee wa kanisa, nikawaambia nilichagua vibaya. Maboksi tuliyauza kwa mpiga muziki wa harusi kwa hasara ya kama theluthi ya bei, nami nikailipa kidogo kidogo. Nilimtafuta fundi yule mkubwa, akaja tukafunga pamoja. Spika za katikati na za nyuma tulizichelewesha kwenye mixa: sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 17 kutoka mbele huipata ikiwa imechelewa sehemu ya 20 ya sekunde, na spika ya pembeni yake isipoisubiri, maneno yanagongana. Mjukuu wa bibi alisubiri darasa la mwaka uliofuata.

Siku hizi sijaribu kwa muziki peke yake. Namweka mtu mbele asome orodha ya majina na siku kwa sauti ya kawaida, mimi nakaa nyuma naandika ninachosikia, kisha tunalinganisha. Kwenye kanisa lile karatasi yangu inakaribiana sana na orodha, isipokuwa kona iliyo chini ya ngazi za roshani ya kwaya, ambako bado nakosa majina. Spika moja zaidi inahitajika pale. Nimewaomba wazee waiweke kwenye bajeti, na safari hii nimewaomba waje wakae kwenye kona hiyo kabla ya kutoa fedha.