Nyumba ya Lamu Katika Baridi ya Uthiru



Mwezi wa Julai niliitwa Nairobi na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye Mwenyezi Mungu amemjaalia yeye na mumewe kununua kiwanja huko Uthiru, upande wa magharibi wa jiji. Kiwanja chenyewe ni cha futi 50 kwa 100. Miaka 11 wamelipa kodi ya fleti ya vyumba viwili Kawangware, wao, watoto wao watatu, na mama mzaa mume, ambaye ni Mwamu wa kuzaliwa na hajapata kuizoea Nairobi hata siku moja. Maneno ya mpwa wangu katika simu yalikuwa machache: "Mjomba, ramani tumeshaichagua. Ni nyumba ya Kiswahili kabisa, kama zile za Lamu. Njoo uione, utuombee dua, halafu Ijumaa tutoe malipo ya kwanza."

Basi lilitushusha mjini kabla ya alfajiri. Asiyeijua Nairobi ya Julai na asidhani kuwa koti moja litamtosha, kwani mji huo uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na maji niliyotawadhia yalinifanya nisahau usingizi wote wa safarini. Nilisali katika Msikiti wa Jamia, kisha nikakaa kuutazama kulipopambazuka. Ulijengwa kati ya mwaka 1925 na 1933, na waliousimamisha walikuwa Waislamu wenye asili ya Bara Hindi. Ndiyo maana makuba yake matatu na minara yake miwili hayafanani na misikiti yetu ya Lamu wala ya Mji wa Kale Mombasa. Mtu akihama huchukua na nyumba yake kichwani. Hata Pumwani, mtaa ulioanzishwa mapema katika miaka ya 1920, wenyeji wake wa mwanzo walijenga nyumba za ukumbi katikati na vyumba pande mbili, kama walivyoona pwani. Kwa hiyo sikuona ajabu yoyote kwamba watoto wetu wataka kujenga Lamu katika Uthiru. Nilikwenda kwa moyo mweupe.

Ofisi ya mchoraji wao iko mwendo mfupi kutoka msikitini, ghorofa ya tatu. Ni kijana mwenye adabu, mwenyeji wa Murang'a, asiyekuwa wa dini yetu, akatuagizia chai kabla ya kutandaza karatasi. Nami nasema haki: kwa nje ramani ile ilipendeza. Kuta nyeupe, paa bapa lenye kingo za meno meno, matao matatu barazani, na mlango mkubwa wa nakshi wenye mabamba mawili. Mume wa mpwa wangu aliutazama mlango ule kama mtu atazamaye picha ya marehemu babake.

Nikaomba kuoneshwa ndani. Mlango ukifunguka, aliyesimama nje anaona kila kitu kwa mara moja: viti vya wageni, meza ya kulia, na jiko huko mwisho, vyote katika chumba kimoja kipana kisicho na ukuta. Vyumba vya kulala viko upande wa kushoto na msala uko upande wa kulia. Nikauliza, "Wakija wanaume watano kumzuru bwana, bi mkubwa akitaka kwenda msalani atapita wapi?"

Kijana yule hakujitetea. Akaweka ncha ya kalamu kwenye chumba cha bibi, akaivuta polepole kati ya viti mpaka ng'ambo ya pili. "Atapita hapa, Sheikh."

Pakawa kimya.

Hapo nikawaomba ruhusa niwatembeze katika nyumba ya mawe ya Lamu, maana matao wameyaona katika picha lakini mpangilio wake hakuna aliyewaonesha. Mlangoni pana daka, lenye mabaraza ya mawe kulia na kushoto. Hapo ndipo mwenye nyumba hukutana na walimwengu, na wengi wa waliokuja humaliza haja zao hapo wala hawavuki kizingiti. Anayevuka huingia tekani, na tekani haimpeleki moja kwa moja: ukuta unamkabili, hana budi kupinda, ndipo akione kiwanda. (Vijana wa leo wakisikia kiwanda hudhani ni mahali pa kutengenezea sabuni, kwa Waamu kiwanda ni ua wa katikati ya nyumba, ulio wazi kwa mbingu.) Sabule ya mgeni aghlabu hupewa njia yake karibu na mlango, ili mgeni alale na kuamka bila kupishana na watu wa nyumba. Kikivukwa kiwanda ndipo ufuate msana wa tini na msana wa yuu, vyumba virefu vilivyo vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazibebi dari ya upana unaopita mita 3 hivi. Nyuma yake kuna ndani, yenye zidaka ukutani. Nyuma zaidi, mahali ambapo hakuna mgeni afikaye, kuna nyumba kati. Humo wanawake walijifungulia, na humo maiti wa nyumba ile huoshwa kabla ya kutolewa. Sakafu nayo hupanda kidogo kidogo kadiri unavyoingia, hata mguu wenyewe hujua kwamba umevuka mpaka.

Waliojenga hivyo walikuwa wameisoma Suratun-Nur. Humo tumeamrishwa tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe idhini na tuwasalimu wenyewe, na zikatajwa nyakati tatu ambazo hata mtoto wa ndani hubisha: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya isha. Na imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofika mlangoni pa mtu hakusimama kuuelekea bali alisimama kando, kulia au kushoto. Tekani humsimamisha mgeni kando hata kama hakufundishwa.

Wasomaji wangu, hasa akina mama, nisije nikaonekana mwema kuliko nilivyo. Mimi mwenyewe nilijenga Kisauni mwaka 1998, kwa ramani niliyoazima kwa rafiki, nyumba ya sebule moja iliyofunguka pande zote. Niliipenda kwa upana wake. Kila jioni wanafunzi wangu walikuja baada ya Magharibi, tukasoma mpaka Isha. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiishi nami. Usiku mmoja walipoondoka niliingia chumbani kwake nikamkuta ameketi kitandani, taa hajawasha. Nikamuuliza kama ameshasali. Akaniambia hajatawadha, kwani tangu machweo alikuwa akingoja vijana waondoke, aliona haya kupita mbele yao. Darsa ya usiku ule ilikuwa mlango wa tahara. Na haukuwa usiku wa kwanza. Ulikuwa wa kwanza mimi kuuliza. Wiki ile ile nilimwita fundi akatoboa ukuta wa nyuma, akamwekea mlango wa kutokea msalani. Aliutumia miezi saba tu.

Haya niliyasema pale ofisini, na mume wa mpwa wangu akainamisha uso. Mama anayezungumzwa ni mamake.

Mchana tukapanda matatu kwenda kukiona kiwanja, na kijana wa ramani akafuatana nasi kwa hisani yake. Tulishika barabara ya Waiyaki, tukaipita Westlands na majengo yake ya vioo, kisha Kangemi na vibanda vyake vya nguo na mboga, na kila tulivyokwenda baridi ilizidi na ukungu ukashuka. Kiwanja kimekaa vizuri, kimelala sawa, na maji ya mvua yana njia. Mimi tangu asubuhi nilikuwa nimeshikilia kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, kama cha Lamu, na nilikuwa nimesema sana. Kumbe upande wa mashariki imesimama fleti ya ghorofa tano. Nikahesabu roshani 15 zinazokitazama kiwanja chetu. Katika ghorofa ya nne mtoto mmoja akatupungia mkono.

"Sheikh," akasema yule kijana, "huo uwanja wako ukiwa wazi, yule mtoto atajua kila siku mnapika nini."

Nilicheka kwa kuwa sikuwa na jawabu. Kule Lamu kiwanda husitirika kwa sababu nyumba za majirani zimejengwa kwa desturi moja. Huku kila mwenye kiwanja hupanda juu kadiri ya mfuko wake. Kuuiga ua ule jinsi ulivyo kungekuwa kuwaweka wanawake wa nyumba katika bakuli, walimwengu wakiwachungulia kwa juu, tena katika manyunyu. Hapo Uthiru ilinifunza mimi, na aliyeleta dawa ni mtoto wa Murang'a. Alichora ua mdogo, upana wa mita 3, akaufunika kwa mabati ya plastiki ya rangi ya maziwa, ambayo hupitisha nuru na kuzuia macho, na akaacha mwanya chini ya paa ili joto la jiko na moshi vipate pa kutokea. Ua wa namna hiyo katika Mombasa ungekuwa tanuri. Huku juu, jua la saa nne likipiga, utawapa kina mama mahali pa kuanikia nguo na kuota moto bila kujifunika.

Tulisaidiana vilevile katika jambo la kaskazini. Nyumba nyingi za kale za Lamu zimeelekezwa huko, ambako ndiko kibla. Kibla cha Lamu ni kaskazini ikielemea magharibi kidogo sana. Cha Nairobi ni kaskazini ikielemea mashariki, kiasi cha digrii 7. Kijana hakuwa na habari ya kibla, lakini alijua la jua: katika Juni na Julai, miezi ya baridi, jua la Nairobi husimama upande wa kaskazini. Basi madirisha makubwa ya msana yakielekea huko, chumba cha kukaa familia kitapata joto wakati hasa linapohitajika, na msala wa kusalia hautakuwa na haja ya kuwekwa mshazari. Tukaafikiana kwa dakika moja, kila mmoja kwa hoja yake.

Na vyoo? Vyote viwili katika ramani ya kwanza vilimwelekeza mtu kaskazini. Madhehebu yetu ya Imamu Shafi yanaruhusu hilo ndani ya jengo, lakini adabu ni kuepuka kukikabili kibla au kukipa mgongo pale inapowezekana. Nikawaambia wageuze sasa, kwani kwenye karatasi ni kufuta tu, na baada ya saruji ni nyundo.

Ikabaki fedha. Ukuta wa tekani, sabule ya wageni yenye msala wake, chumba cha bi mkubwa chenye njia ya ndani mpaka msalani na jikoni, na ule ua uliofunikwa, vyote vina bei. Kijana akapiga hesabu akiwa amechuchumaa juu ya jiwe, akasema kitakachoweza kuondoka ni matao, kingo za meno meno, na paa bapa, ambalo kwa mvua za huku lisipofanywa kwa ustadi huvuja. Mabati ya kuinama ni rahisi. Na mlango wa nakshi uwekwe kando, fremu ijengwe kwa kipimo chake ili uje kutiwa siku ya neema.

Mume wa mpwa wangu alikaa kimya muda mrefu. "Basi haitaonekana kuwa ni ya Lamu," akasema.

"Wa kuitazama kwa nje ni yule wa ghorofa ya nne," mpwa wangu akamjibu, "na yeye hatuchangii saruji."

Sikutia neno. Mwanamume aliyekulia mbali na mji wa wazee wake ana haki ya kuutamani mlango wao, na kuuacha si jambo dogo. Aliondoka akalizunguka eneo lote kwa miguu, akarudi, akasema malipo ya Ijumaa yaahirishwe mpaka ramani mpya iwe tayari.

Usiku, Kawangware, ramani ya penseli ikatandazwa kitandani mbele ya bi mkubwa. Hajui kusoma michoro, lakini mwanawe alipomwekea kidole kwenye daka, kisha tekani, kisha kiwanda, akakiondoa kidole cha mwanawe na kuweka chake, akaingia ndani mwenyewe, chumba kwa chumba, akiyataja majina. Akafika chumbani kwake, akarudi nyuma mpaka msanani, akasimama hapo.

"Nami takaa wapi," akauliza, "niwaone waingiao nisionekane?"

Mwanawe akampigia simu mchoraji papo hapo. Haikupita nusu saa picha ikaja katika simu: katika ukuta kati ya tekani na msana pameongezwa kidirisha kidogo cha mbao za kimia, na chini yake swali, kiwe juu kiasi gani kutoka sakafuni? Bi mkubwa akaagiza kigoda chake kiletwe. Akaketi, akanyoosha mgongo, akamwambia mjukuu wake alete futi ya kupimia amtoe kutoka chini mpaka machoni.

Sentimita 98.