Msahihishaji Haoni Uso wa Mwanao



Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, kuna nyumba zinazochinja jogoo na kuna nyumba zinazolala kimya. Mwaka huu nilikuwa katika nyumba ya namna ya pili, kwa dada yangu, si mbali na mji wa Geita. Mpwa wangu alipata F ya Kiingereza.

"Mjomba," aliniambia, "wale hawasomi. Wanatazama mwandiko tu. Mimi nakwenda machimboni."

Katika nyanda za Geita neno hilo halisemwi kwa mzaha. Nyarugusu na Rwamgasa haziko mbali, na duara la dhahabu halimuulizi kijana cheti. Wala linapoporomoka halimuulizi umri.

Dada alinitazama akingoja nimjibu mwanawe. Nilinyamaza, kwa sababu maneno yale yalikuwa yangu. Mimi nami, nilipomaliza kidato cha nne huko Shinyanga, nilipata F ya Kiingereza, nikamwambia marehemu baba kwamba msahihishaji alikuwa na haraka. Baba aliniamini. Baadaye nilirudia mtihani nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, nikafaulu, nikasomea stashahada ya uandishi wa habari. Lakini uongo ule sikuufuta.

Kesho yake nilimwomba kijana anisindikize Shinyanga kwa mwalimu mmoja mstaafu, aliyesahihisha mitihani ya Kiingereza kwa miaka kadhaa. Mzee alitukaribisha chini ya mwembe, akatueleza bila kuficha.

Kwanza, alisema, msahihishaji hapewi jina la mtoto. Huona namba ya shule na namba ya mtahiniwa. Pili, kalamu nyekundu haianzi kazi siku ya kwanza. Walimu hukaa na mwongozo wa kusahihishia, husahihisha majibu machache ya majaribio, kisha hulinganisha alama. Huyu akitoa saba na yule nne, hubishana mpaka waelewane. Ndipo kila mmoja hukabidhiwa swali lake, na kijitabu cha majibu hupita mkono hadi mkono. Hivyo hakuna mtu mmoja anayeshika riziki yote ya mtoto. Juu yao yuko kiongozi anayerudia baadhi ya kazi zao.

"Mwandiko mbaya huchosha macho," alisema, "lakini mwongozo hautoi alama kwa mwandiko. Mtoto akiandika 'lice' alipotaka 'rice', mimi hujua papo hapo ulimi wake umelelewa kwa Kisukuma, maana na wangu ni huo huo. Lakini mwongozo haunipi ruhusa ya kujua."

Wanaoanguka, aliendelea, wengi huangushwa na mambo matatu: kunakili habari waliyopewa kusoma badala ya kujibu, kuchomeka Kiswahili pale Kiingereza kinapokwama, na kuandika insha waliyoikariri.

Hapo nilikumbuka. Nilikuwa nimekariri insha ya safari ya Mwanza, nikaapa kuiandika liwalo na liwe. Swali liliuliza jambo jingine kabisa. Mimi nikapanda basi langu la Mwanza. Nilipowasimulia haya, mpwa wangu aliinamisha kichwa. "Yangu ilikuwa ya harusi," alisema.

Mzee hakucheka. "Mjukuu wangu, niliwahi kukutana na insha nzuri ya namna hiyo. Niliisoma mara mbili, nikaipa sifuri. Usiku ule sikupata usingizi, maana nilijua huyu mtoto lugha anayo. Lakini ningempa yeye, ningemdhulumu yule aliyejibu alichoulizwa."

Msomaji, sisemi kwamba matokeo hayana dosari kamwe. Mwaka 2013 Serikali ilifuta matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambayo zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri, yakapangwa upya kwa utaratibu wa awali. Lakini dosari ile ilihusu namna ya kupanga madaraja. Haimpi mzazi ruhusa ya kumwambia kila mtoto aliyeanguka kwamba ameonewa.

Kwa viwango vinavyotumika sasa, alama 30 ni D na 29 ni F. Aliyekosa kwa alama moja si mjinga, na msahihishaji wake si mwizi. Kila mwaka Baraza hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu, swali kwa swali, pamoja na mifano ya majibu mazuri na mabaya. Ni wazazi wangapi tumewahi kukaa na watoto wetu tukaisoma?

Tuliporudi Geita, mpwa wangu hakusema tena habari za machimbo, wala hakuahidi kitu. Aliomba daftari tu. Mimi nami nilimweleza dada yangu ukweli wa F yangu, ambao baba hakuusikia.

Wazazi wenzangu, mtoto akianguka tusikimbilie fimbo, wala tusikimbilie kumlaani msahihishaji asiyeuona uso wake. Tumuulize kwanza, kwa upole: mwanangu, uliulizwa nini, nawe ukajibu nini?