Jezi namba 3 na kilo zangu 66

Najua nimepotea, test zilinibana hadi pumzi. Leo sina stori ya boom wala ya wahadhiri. Leo ni raga, maana tangu Jumatatu kila ninayekutana naye njia ya kafteria ananiuliza eti ni kweli nilimkatalia kapteni. Ndiyo, nilimkatalia. Kaeni niwaeleze, halafu mnihukumu wenyewe.

Wengi wetu tumekulia kwenye mpira wa miguu, ambako ukiwa mwembamba utawekwa winga, na miguu ikiwa mizito utasimama beki ya kati, mambo yanaenda. Raga ya watu 15 haina huruma hiyo. Namba ya jezi ndiyo kazi yenyewe, na kazi inachagua mwili. Kuanzia 1 hadi 8 ni watu wa mbele, wale wa kusukumana kwenye skramu. Kuanzia 9 hadi 15 ni watu wa nyuma, wa kukimbia na mpira. Mimi huwa navaa 7, flanka, nitarudi hapo.

Anayeishi Kimara kama mimi ataelewa upesi. Nenda pale Kimara Mwisho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwendokasi linapoingia tupu. Kuna wale wababa wanaotanguliza bega mlangoni, hawaongei, wanasukuma tu: hao ni propu, namba 1 na 3. Kuna kadada kembamba kanapita chini ya kwapa za watu na unakakuta kameshakaa dirishani: huyo ni 9, skramuhafu. Halafu kuna yule aliyesimama pembeni anapiga mahesabu mlango utaangukia wapi, naye ni namba 10. Mimi nasimama hadi Ubungo, sina la kusema, teh teh teh.

Sasa hiyo namba 3, ndiyo iliyoleta maneno. Skramu ikifungwa, namba 1 bega lake moja liko nje, linapumua kidogo. Namba 3 kichwa chake kinaingia katikati ya wapinzani wawili, namba 1 na huka wao, kwa hiyo mabega yote mawili yamebeba mzigo. Nyuma yake wenzake nao wanasukuma. Piga hesabu ya kienyeji tu: watu 8 wa kilo 80 ni kilo 640, na upande wa pili vilevile, yaani zaidi ya tani 1 inakutana pale, na shingo yako ni sehemu ya daraja. Skramu ikianguka vibaya, shingo inakunjwa huku watu wa nyuma bado wanasukuma. Ndiyo maana mwaka 2013 wakubwa wa raga duniani walibadilisha utaratibu: inameni, shikaneni, ndipo muingie, ili ule mgongano wa mwanzo upungue. Na ndiyo maana sheria inasema timu ikikosa mtu aliyefundishwa mstari wa mbele, skramu zinafungwa bila kusukumana. Si mapendeleo hayo, ni uti wa mgongo wa mtu.

Propu wetu alifiwa, akasafiri kwenda Songea. Jumatano kapteni akanijia: "Mwanangu, Jumamosi utavaa 3." Nina kilo 66, nilipima kwenye mizani ya duka la dawa Kimara Korogwe, na viatu nimevaa. Lakini hoja yake haikuwa ya kijinga. Sisi hatuna mbio, silaha yetu pekee ni skramu. Bila kusukumana, wale wapinzani wenye mawinga wepesi watatumaliza. Akasema nikikataa nimeiuza mechi.

Nilipomsimulia dada (naishi kwake), alisikiliza hadi mwisho huku anachambua mchele, akauliza swali moja tu: "Mdogo wangu, ukivunjika shingo, mitihani ya mwezi wa saba atakufanyia kapteni?" Shemeji akacheka. Mimi sikucheka sana.

Msije mkadhani nawakimbia watu wa kazi. Tendai Mtawarira, mzaliwa wa Zimbabwe, alivaa namba 1 ya Afrika Kusini fainali ya Kombe la Dunia 2019, wakaifunga Uingereza 32 kwa 12. Mwili ule haujengwi kwa wali maharage wa sahani moja mchana na chai kavu usiku! Unajengwa kwa miaka, na kwa chakula ambacho boom haijui hata jina lake. Lakini fainali hiyohiyo Cheslin Kolbe, winga asiyefika hata mita 1.75, alifunga trai. Miili miwili, medali zinafanana.

Flanka naye ana mateso yake. Unaangusha mtu, unainuka, unakimbilia mpira, unaangushwa, unainuka tena. Usiku siumwi shingo, naumwa kila kitu kingine. Na kama unadhani kukimbia ni nafuu, jaribu raga ya watu 7: dakika 7, mapumziko, dakika 7 nyingine, na uwanja ni uleule mkubwa wa watu 15. Nimeicheza mara moja, nikatapika nyuma ya goli. Majirani zetu Wakenya ndiyo hapo walipojipatia jina. Aprili 2016 huko Singapore waliichapa Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali, na mwaka huohuo Collins Injera akaipita rekodi ya trai 230 ya Muajentina Santiago Gómez Cora. Baadaye Dan Norton akampita yeye, lakini jamani, mtoto wa Afrika Mashariki alikaa kileleni pale.

Basi bwana, Alhamisi nikamwambia kapteni: 7 navaa, 3 sivai. Akaondoka bila kujibu. Jumamosi refa akaambiwa hatuna propu wa pili, skramu zikawa za kushikana tu kama watu wanaopozi picha, na wale mawinga wakafanya kama alivyotabiri. Tumefungwa 31 kwa 12. Niliangusha watu hadi mabega yakafa ganzi. Kwenye daladala ya kurudi hakuna aliyenisemesha zaidi ya jamaa mmoja wa Kisumu, na yeye aliniomba maji.

Kapteni mpaka leo ananisalimia kwa nyusi. Mwenye ndugu mwenye kilo 100, shingo fupi na mdogo wa maneno, amlete mazoezini Jumanne saa kumi na moja jioni, afundishwe taratibu tangu mwanzo. Maji tutampa sisi, chakula ajitegemee.